Namba Nyeupe Juu ya Kadi ya Mtandao

Jumamosi, Korogwe mjini. Manyunyu tangu asubuhi.

Wewe unayesoma, nakuomba sana, haya yabaki kwako. Usimsomee mtu, usiyachapishe, na kama unafanya kazi kwenye shamba la mkonge, jifanye hukufika hapa. Sijaweka jina langu, lakini shambani kwetu karani anayegusa kompyuta ni mmoja tu.

Tangu shamba lipate mwenye mali mpya, tumeletewa kompyuta mbili kuukuu: moja ya mizani kule korona, kwenye mashine ya kuchakata mkonge, na nyingine ya ofisi ya hesabu. Zilijaa virusi. Mimi, karani niliye kwenye majaribio, nikamshawishi meneja tufute kila kitu na kuweka mfumo mwingine wa bure, jamii ya Linux, usiojulikana na wengi, unaovumilia mashine dhaifu. Akakubali. Akaongeza kwamba kompyuta hizo zisipowasiliana kufikia Ijumaa, nifungashe nirudi kwetu Handeni.

Ya ofisi iliwaka vizuri. Ya mizani iliwaka bila mtandao. Kadi yake ni ya zamani, ya aina isiyojitambulisha. Lazima ujue jina la chipu, ndipo uipe draiva yake, ile programu ndogo inayoiwezesha kufanya kazi. Jina hilo huandikwa juu ya chipu yenyewe.

Juu ya chipu palikuwa na rangi nyeupe.

Mzee Semkiwa, mtunza stoo wetu, hupaka namba ya shamba kwenye kila kitu: majembe, makarai, viti, hata kengele ya zamu. Kompyuta zilipofika alizifungua na kuandika namba kwenye kila kipande kinachong'oka, kwa brashi nyembamba na mwandiko wake mzuri, kwa sababu vitu vilikuwa vinaibwa sana. Namba ya shamba haiguswi. Kuna fundi alifukuzwa kwa koleo lililokwanguliwa namba, ingawa koleo lenyewe alikuwa amelishika mkononi.

Basi nikawa nakisia. Nakuja hapa kwenye intaneti kafe, napakua draiva za kadi zinazofanana na ile, nazibeba kwenye diski, najaribu, zinakataa. Mama Rehema, mpiga chapa wetu, alinitania mbele ya watu: "Msomi, mashine yako Kiingereza imekataa, Kiswahili imekataa. Hebu ijaribu kwa Kizigua. Au iamkie shikamoo, labda ni mkubwa wako!"

Nilicheka naye. Kisha nikaenda chooni nikalia.

Ningeweza kuomba ruhusa. Nilifika hadi mlango wa stoo.

"Vipi mwanangu, mashine imeshika?" akauliza Mzee Semkiwa.

"Inakaribia, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Mbona uliniamkia asubuhi?"

Nikaondoka bila kusema lililonipeleka. Niliogopa atakataa, na akishakataa sitakuwa na njia nyingine.

Alhamisi, watu walipokwenda kula, nikaikwangua namba kwa wembe. Jina la chipu likaonekana. Draiva yake ilikuwamo kwenye diski zangu siku zote, sikuwa nimeijaribu. Mchana huohuo uzito wa katani ukasomeka ofisini bila mtu kutembea na karatasi. Meneja akanipa mkono. Mzee Semkiwa naye akaja kutazama, akapiga makofi. "Niliwaambia! Huyu kijana mnamwona mwoga, lakini kichwa anacho."

Jana meneja akatangaza ukaguzi wa vifaa, Jumatatu. Kompyuta zitafunguliwa. Kipande kisicho na namba atakijibia mtunza stoo.

Si mimi. Yeye.

Duka la jirani na hapa linauza rangi nyeupe. Nilisimama mbele yake muda mrefu. Mwandiko wa mzee naujua, naweza kuuiga. Lakini Jumatatu ataulizwa, na atasema kwa moyo mweupe kwamba namba ile ni yake. Nitakuwa nimemfanya aseme uongo bila kujua.

Sikununua.

Nikitoka hapa naenda nyumbani kwake. Nitamweleza kabla hajakaribisha chai, maana nikishashika kikombe sitasema. Kisha nitamwomba twende wote kwa meneja kabla ya ukaguzi. Anaweza kunifukuza mlangoni. Ni haki yake.

Ukinitafuta baada ya Jumatatu, usipige simu ya ofisi. Niandikie hapa chini, bila kutaja shamba. Nikikaa kimya, panda gari la Handeni, kisha utafute pikipiki ya Kwamsisi. Ulizia nyumba ya mama anayeshona sare za shule. Pitia mlango wa nyuma, na tafadhali, mama akikuuliza, usimtajie kazi. Sema umekuja kunisalimia tu.