Maharage Shingoni mwa Kuku

Jumatatu, 1 Septemba

Nimewaficha watu wa nyumba hii jambo moja: maharage ninayoletewa mchana siyali. Nawapa kuku. Kunde pia. Mbaazi pia. Nakula mchicha au kisamvu, vijiko vichache, na matonge mawili ya ugali. Kisha namwaga bakuli dirishani, upande wa nyuma. Kuku wanajua saa yangu kuliko mimi.

Leo vivyo hivyo. Zaituni, mke wa mwanangu Mhina, aliweka sinia juu ya kigoda, akapiga goti, akasema karibu chakula, baba, akaondoka. Kwetu mkwe hamtazami baba mkwe akitafuna. Ni heshima. Mimi nimeigeuza kichaka cha kujifichia.

Nyama niliiacha mwenyewe, baada ya gauti. Niliambiwa nipunguze, nikaacha kabisa, nikajisifia msikitini. Hapa Mkata wananiita Mzee Mchicha. Niliona fahari. Sasa mapaja yameisha. Suruali inashikwa na mkanda na dua.

Kwa nini nawapa kuku? Sitaandika leo. Najua siku zangu zinakwisha, na bado naona haya mbele ya karatasi.

Jumatano, 3 Septemba

Rafiki yangu mfugaji, Lemburis, alipita na maziwa. Anachunga upande wa nyikani, lakini kila akija mnadani lazima anitanie. Alinitazama miguu, akatikisa kichwa.

"Mwalimu, ng'ombe anakula majani, mimi namla ng'ombe. Wewe unataka kuwa ng'ombe mwenyewe. Yeye ana matumbo manne. Wewe unalo moja, tena la pensheni."

Nilicheka mpaka nikakohoa. Maziwa nilikunywa nusu kikombe. Mengine nikasema nitakunywa jioni. Sikunywa.

Kuku wa nyumba hii wana mapaja kunishinda.

Alhamisi, 4 Septemba

Nimejaribu kuinuka kitini bila kushika meza. Imeshindikana. Nimejaribu tena. Nimeshindwa tena. Hasira. Aibu. Nimelala mapema.

Jumatatu, 8 Septemba

Mhina alinipeleka Korogwe, kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Binti mdogo, mpole. Alizungushia vidole vyake mguuni kwangu, vikakutana na kupitana. Akaniambia nikunje mikono kifuani niinuke kitini. Sikuinuka.

Alisema majani hayana kosa. Kosa ni kuyategemea peke yake. Mzee asiyekula nyama anaweza kutunza misuli, lakini lazima ale jamii ya kunde kila mlo: maharage, kunde, mbaazi, choroko, karanga. Ashibe. Na afanye mazoezi ya kuinuka na kukaa. Akaniuliza kama nyumbani navila vitu hivyo.

Mhina alikuwa amesimama pembeni.

"Nakula ninachopewa," nikajibu.

Sikupanga kusema hivyo. Au nilipanga? Ni maneno yaliyonyooka, hayana uongo ukiyatazama kwa mbele. Lakini mwanangu aliyasikia.

Jumanne, 9 Septemba

Sielewi. Kipi kilitangulia, miguu kuisha au chakula kuisha? Kama ningekula maharage tangu mwanzo, ningekuwa natembea? Au huu ni uzee tu, na binti yule ananipa moyo? Nimeona wala nyama wengi wakizikwa. Nimeona wala mboga ya mchunga wakipanda milima ya Lushoto wakiwa na miaka kama yangu.

Nilifundisha baiolojia maisha yangu yote. Niliwachorea wanafunzi msuli wa paja ubaoni kwa chaki nyekundu. Wangu sikuuona ukiondoka.

Mhina jana usiku alimuuliza mkewe kitu. Sikusikia swali. Nilisikia jibu: napika kila siku, Mhina, kila siku.

Mchana kuku walikuja. Niliwapa.

Ijumaa, 12 Septemba

Mdogo wangu Asha amefika kutoka Mnyuzi. Mhina amempigia simu. Hajatua hata mzigo, ameanza.

"Kaka! Umekuwa mpini wa jembe!"

Kisha akamgeukia Zaituni, ambaye amekulia Ngombezi, kwenye nyumba za vibarua wa mkonge. "Mwenzetu, huko kambini kwenu mlikuwa mnakula kwa kengele? Hapa tunakula kwa kushiba."

Zaituni alipokea mzigo, akasema shikamoo shangazi, akaenda kuchemsha chai. Nilitaka kumtetea, nikaishia kumuuliza Asha habari za Mnyuzi. 

Asha amesema kesho atachinja kuku. Nyama nisile kama sitaki, lakini mchuzi nitakunywa, yeye hajaja kutazama mboga.

Jumamosi, 13 Septemba



Asha alichagua tetea mnene kuliko wote. Akamtayarisha mwenyewe uani. Alipopasua ule mfuko wa shingoni, maharage yakamwagika. Yamepikwa. Yana nyanya na kitunguu. Akayatia kwenye sahani, akaja nayo barazani.

"Mhina, njoo uone. Yule binti wa Korogwe kasema jamii ya kunde kila mlo. Kuku wako wanazingatia masharti. Baba yako ndiye anayefunga."

Mhina aliitazama sahani. Akamtazama mkewe.

Zaituni alisema, "Shangazi, chakula cha baba nakiweka mbele ya baba." Basi. Angeweza kunigeukia aniulize. Hakuniuliza. Mkwe hamuulizi baba mkwe kilichoingia kinywani mwake. Alitazama chini.

Mhina amesema Zaituni aende kwao Ngombezi kwanza, wazee wakae wazungumze. Jumanne, basi la asubuhi.

Mimi nilijifanya nasinzia.

Jumapili, 14 Septemba

Mchuzi sikunywa. Nimesema una mafuta.

Nimemsikia Zaituni akikunja kanga. Miaka yote aliyokaa hapa hajawahi kunipandishia sauti. Mke wangu alipougua, ni yeye aliyemwogesha. Nami namwacha aondoke na jina la mchawi wa njaa.

Nimejiuliza kwa nini sisemi. Kila jibu ninalopata nalikataa. Meno? Maharage yake ni laini. Tumbo kujaa gesi? Kidogo. Gauti? Si hilo. Nalijua jibu, kisha linapotea, kisha narudi kwenye meno. Labda kichwa nacho kinakonda.

Jumatatu, 15 Septemba

Ameleta chakula kama kawaida. Begi liko mlangoni, na bado ameyaponda maharage kwa mwiko, labda akidhani siwezi kutafuna. Akapiga goti. Karibu chakula, baba.

Kuku walikuja dirishani. Sikuwapa. Nami sikula. Bakuli limerudi jikoni limejaa.

 Zaituni alisimama nalo mlangoni kitambo.

Jumatano, 17 Septemba

Zaituni yupo. Begi limerudi juu ya kabati.

Jana kabla ya basi nilimwita Mhina na Asha barazani. Zaituni alikuwa nyuma ya ukuta wa jiko. Mambo yale mkwe haambiwi usoni. Kwa hiyo niliongea na dada yangu, kwa sauti ya darasani, ili ukuta usikie.

Asha aliziba mdomo kwa kanga. "Kaka, si ungesema tu?" Akacheka, akalia, akanifokea, kisha akaenda jikoni. Nilimsikia akiomba radhi. Si kazi rahisi kwake.

 Mhina alichukua kiti cha plastiki, akakikata tundu katikati, akaenda kukiweka. Akachimbia na nguzo mbili za kushika. Leo asubuhi nimekaa, nimeshika, nimeinuka. Polepole. Mwenyewe.

Mchana Zaituni ameleta kunde za nazi. Amepiga goti, akatoka, lakini hakwenda mbali. Alisimama nje ya mlango, amenipa mgongo, mpaka aliposikia kijiko kinagonga chini ya bakuli. Ndipo akaenda zake.

Nimeshiba. Miguu sijui kama itarudi. Huenda nimechelewa. Kuku wamezunguka dirishani, wameondoka.

Nilichosema jana nakiandika kama nilivyokisema, nisije nikakipamba. Zaituni hajawahi kuninyima chakula. Tangu masika nikichuchumaa chooni siwezi kuinuka. Siku moja nilitoka humo kwa kutambaa, na hakuna aliyeniona. Nikaona nikila kidogo nitakwenda mara chache. Maharage ndiyo yaliyokuwa yakinipeleka zaidi.