Sinema ya Mtu na Isale Lake

S.L.P. 214,
Ngaramtoni,
Arusha.
9 Novemba 1993.

Mpendwa Shangazi Magdalena,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umepumzika kidogo baada ya zamu zako za hospitali, na kwamba ule mguu hausumbui tena. Je, Songea mvua zimeanza? Huku Mlima Meru umejifunika mawingu tangu juzi. Sisi sote ni wazima, ila Mama anakohoa kidogo kwa vumbi la mahindi.

Kitambaa cha gauni la kipaimara nimekipata, nakushukuru sana. Fundi amesema kinatosha hata mikono mirefu.

Uliniuliza kama Bibi na Baba wanazungumza. Nilichelewa kukujibu kwa sababu jibu lilikuwa hapana. Tangu Baba alipong'oa kahawa ya marehemu Babu ili apande nyanya, Bibi hakuonja hata chai ya nyumba yetu. Alijipikia kwake, ng'ambo ya uwanja tu, na alikwisha sema kwamba siku ya kipaimara changu atakuja kanisani lakini hataketi meza moja na mwanawe. Jambo hilo nililiombea kila nilipopiga magoti. Sasa nina habari.

Jirani yetu Mzee Sadoki amenunua televisheni na deki ya video. Jumapili ya mwisho wa Oktoba, baada ya ibada, alikaribisha majirani. Bibi alikwenda akidhani ataona picha za Biblia. Kumbe kanda iliyobaki kwenye duka la kukodisha kule Kaloleni ilikuwa ya vichekesho, na juu ya jalada kulikuwa na Mzungu mwenye kofia iliyobonyea. Kaka Godbless akaninong'oneza, "Hapa tumeingia mkenge." Baba alibaki amesimama mlangoni, kwa sababu Bibi alikuwa amekaa ndani.

Kwa kweli, Shangazi, mwanzo wake ulikuwa wa kipuuzi. Mtu amefukuzwa kazi, anatoka ofisini na kitu kimoja tu, mmea wake ndani ya chungu. Anatumbukia nao mtoni, anakimbizwa na mabata, anapanda nao basi na majani yanawachoma abiria masikioni. Watu walicheka mpaka Mzee Sadoki akamwaga chai. Mimi nilikuwa namtafsiria Bibi kwa Kichaga, lakini yeye hakucheka. Alikuwa akiutazama ule mmea.

"Nancy," akasema, "hilo ni isale."

Nikatazama vizuri. Majani yalikuwa yale yale ya masale yetu ya mpakani mwa shamba. Nilijua kwamba Wazungu huyaweka ndani kama pambo tu, lakini habari ilikwisha enea chumbani: huyu mtu amebeba isale, basi kuna mahali anakwenda kuomba msamaha. Vicheko vikapungua. Kila alipojikwaa, akina mama walisema, "Jamani, asilivunje."

Mwishoni akafika kwa mama yake mzazi, ambaye walikuwa wamegombana naye miaka mingi. Mama huyo akamuuliza huo mmea ni wa nini. Nilitaka kuwa mkweli, nikatafsiri kama alivyojibu: "Anasema hana pa kuliweka."

"Ndivyo wanavyosema," Bibi akajibu. "Nani huanza na neno samahani?"

Yule mama akakipokea chungu, akakiweka dirishani. Bibi akashusha pumzi. "Kapokea. Angefanyaje? Isale halikataliwi." Hakugeuka nyuma, lakini alisema kwa sauti ya kufika mlangoni.

Alhamisi asubuhi nilikuwa nafagia uwanja nikamwona Baba anatoka mpakani na isale mkononi, amevaa koti lake la kanisani. Akasimama mlangoni kwa Bibi. Bibi alimwacha asimame mpaka alipomaliza kuchagua maharage yake.

"Huna pa kuliweka?" akamuuliza.

"Sina, Mama."

Akalipokea.

Kahawa haitarudi, Shangazi, na Baba hajasema kwamba nyanya zilikuwa kosa. Ila ile mistari miwili iliyosalia kwenye migomba ameahidi hataigusa. Jumamosi Bibi alikunywa chai kwetu, akasema Mama anabania majani. Godbless sasa anatangaza kwamba kila kichekesho kina mafundisho. Nadhani amezidisha, lakini mimi sitaidharau tena filamu kabla haijafika mwisho.

Kipaimara ni Jumapili tarehe 5 Desemba. Meza itakuwa moja, na nimeomba kiti chako kiwe kati ya Bibi na Baba. Tafadhali omba likizo mapema. Naamini utapewa.

Baba, Mama na Godbless wanakusalimu. Bibi anasema usije bila dagaa wa Ziwa Nyasa. Wasalimie binamu zangu, Fransiska na Hans. Mungu aliyetupatanisha akufungulie njia, akufikishe kwetu salama.

Wako akupendaye, na ambaye amekwisha kukuwekea kiti,

Nancy