Doa Ndani ya Mtungi wa Tabitha

Jumapili, 5 Oktoba
Kwa mamlaka niliyojipa mwenyewe, natangaza hali ya hatari ghorofa ya tisa, mtaa wa Mount Dennis, huku ughaibuni: chumvi imekwisha. Waziri wa chumvi alikuwa mke wangu Tabitha. Leo siku ya thelathini na nne tangu afariki. Nimekula mayai hivyo hivyo.

Jumanne, 7 Oktoba
Maktaba. Kitabu cha waakiolojia. Wamefukua vigae vya mitungi huko Georgia, ile ya milima ya Kaukazi, vya miaka karibu elfu nane. Divai ilishanyweka zamani, ila udongo ulifyonza asidi ya zabibu ukaishikilia. Wakaipima, wakajua. Wanywaji wameoza. Asidi ipo.

Nimerudi mbio. Mtungi tuliotoka nao Dodoma uko juu ya kabati. Kila mwaka Tabitha alitengeneza divai ya Krismasi. Mimi nilikuwa kazini, niliona chupa tu. Ndani ya mtungi kuna doa jekundu. Nimeingiza uso, nikalia humo. Kuna mwangwi.

Jumatano, 8 Oktoba
Nimelitazama tena kwa tochi. Bado lipo. Nimelala vizuri.

Jumamosi, 11 Oktoba
Arobaini. Wanaume tumewekwa ukumbi wa chini na pilau. Juu, akina mama wanaanua tanga: wanafua nguo za marehemu, wanaosha kila chombo alichokishika. Desturi naijua tangu utoto. Sikukumbuka kuuficha mtungi.

Nimepanda, nikaukuta umefudikizwa kwenye taulo; nikaugeuza, ndani doa hakuna, safi kama sahani. Debora, mdogo wake Tabitha, kausugua kwa waya.

“Mbona umenuna, shemeji? Kwanza ulikuwa na uchafu huo, mh.”

Nikamwambia amemuua dada yake mara ya pili. Mbele ya wote. Nilimaanisha. Ameondoka bila koti.

Jumapili, 12 Oktoba
Sikwenda kanisani. Waya haufiki ndani ya udongo, najiambia. Nimenusa. Sabuni ya limau.

Jumatano, 15 Oktoba
Debora amepiga simu. Nikapokea.

“Shemeji, mle dada alikuwa anaweka maua makavu ya choya, yale mekundu ya juisi. Divai alikuwa anakuja kuitengenezea kwangu, mtaa huu wa Malvern. Alisema wewe ukiiona haifiki Krismasi.”

Kweli, isingefika. Miaka ishirini na miwili ya ndoa, sikujua. Nimemwomba radhi. Kisha nikauliza alikuwa anaitengenezea kwenye nini.

Ndoo ya plastiki. Siku hizi Debora anapigia deki.