Ulimwengu Umepakana na Nani?

Manchester, Uingereza
Novemba 1996

Baba mpendwa,

Mulembe. Kifua chako kinasemaje na mvua hizi? Na Mama, goti limepata nafuu? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku inaingia mpaka ndani ya meno. Obusuma ninapika kwa semolina, na hata nikisonga vipi ugali wenyewe unalegea kama uji. Lakini ninashiba, msiwe na wasiwasi.

Sasa keti, Baba, maana nina habari na siwezi kuiandika polepole.

Unajua nilikuja kusomea mitambo ya sukari. Jumatano moja sikuwa na somo, nikaingia na rafiki yangu kwenye darasa la watu wa nyota, kukimbia baridi tu. Mwalimu wao ni mama mzee mwenye sweta iliyotoboka viwikoni. Alituonyesha picha iliyopigwa na darubini iliyo huko juu angani. Ni kipande cha giza ambacho ukinyoosha mkono unakifunika kwa punje moja ya wimbi. Watu walidhani pale hakuna kitu. Baba, kumejaa. Kuna maelfu ya makundi ya nyota, na kila kundi lina nyota zisizohesabika.

Kisha akauliza, "Nani ataniambia ulimwengu unaishia wapi?"

Mkono wangu ukainuka wenyewe. "Umepakana na nani?"

Darasa zima likacheka, nami nikashangaa wanacheka nini. Kwetu Ekero, nani anaonyesha mwisho wa shamba bila kumtaja jirani? Wewe mwenyewe unasemanga mpaka wa mtu mmoja ni uongo, na hukupanda miwa kule chini mpaka jirani alipokuja mkasimama naye kwenye miti ya lusiola ya mpakani.

Yule mama hakucheka. Alisema hilo ndilo swali lenyewe, na hata yeye hajui. Huenda hakuna jirani kwa sababu hakuna mpaka. Pale tunapoishia kuona, ni kwamba tu mwanga wa mbele zaidi haujatufikia, bado uko njiani. Nilirudi nikicheka peke yangu barabarani kama mwehu.

Tangu hapo naendanga kila Jumatano, na sasa yule mama ameniambia kuna nafasi, nihamie kwenye somo lake. Ninaitaka, Baba. Sijawahi kutaka kitu hivi. Lakini ni miaka miwili zaidi, na najua umeshawaambia watu wa kanisa kwamba binti yako anarudi kuwa injinia wa kiwanda. Nimemwomba mwalimu asubiri mpaka nisikie neno lako.

Nisalimie Mama, na kaka yangu mkubwa pamoja na mkewe. Nyanya mwambie mbingu anayoiombea watu wa nyota bado hawajaiona, lakini wanatafuta.

Ukisema nirudi, nitarudi, nitavaa ovaroli na sitanuna. Ukisema nikae, usimtume kaka aniandikie. Andika wewe kwa mkono wako, hata neno moja, ili nikae kama mtoto aliyeruhusiwa, siyo aliyetoroka.

Binti yako,
Rispa