Walioanguka Wamefutwa

Ndugu yangu, nimechefuka. Nimetoka kumchukua mke wangu chuoni.

Miaka minne shemeji yako amewafundisha wagonjwa wa kiharusi kusimama bila kuyumba, akipima kila hatua. Leo profesa wake amewafuta kwenye matokeo ya utafiti wao wagonjwa tisa walioanguka mazoezini. Tisa!

Akamwambia, “Mama, hao wanatuchafulia kazi. Weka sahihi kwenye ripoti, uhadhiri mwandamizi ni wako.”

Wanatuchafulia! Utafiti ni wa kuzuia watu wasianguke, na walioanguka ndio uchafu!

Mke wangu akamuuliza kwa upole, “Yule mzee aliyevunjika nyonga nimwambie hakuanguka?”

Profesa mzima akachezea kalamu.

Hakutia sahihi. Cheo kimekwenda. Ameingia garini, akafunga mkanda: “Kesho naenda kamati ya maadili. Usinibembeleze.”

Nimbembeleze? Nitampeleka mwenyewe hadi mlangoni.