Rejeta Si Kuku

Likasi, Alhamisi

Yaya, dada yangu mkubwa, Mama Ngosa,

Rejeta ya gari la baba imetoka mikononi mwangu. Ilitoka siku ya Mungu iliyopita, mchana kweupe, mbele ya mke wangu na jirani, na aliyeibeba begani ni mwanao Ngosa. Nimeliweka hilo mbele ya salamu kwa sababu kwenye simu nilianza na salamu, nawe ulipofikia habari yenyewe ulicheka mpaka mayuniti yakaisha. Karatasi haikatwi na kicheko.

Sasa salamu. Umeamkaje, na mgongo wa shemeji unasemaje? Mama anaonaje? Nauliza hasa: jicho la kushoto bado linapata mwanga, au nalo limefunga kama la kulia? Sisi huku tunapumua. Watoto wanakula, Mama Janine anauza unga wake sokoni, umeme wa bwawa la Mwadingusha unapita juu ya vichwa vyetu kwenda kwa wenye viwanda, nasi tunabaki kuhesabu nguzo. Mvua ya kwanza imeshaanguka. Hiyo ndiyo inayonichoma moyo, nitairudia.

Yaya, wewe hujaliona hili gari la 404 tangu baba alipolifikisha hapa likikohoa, akaniambia, "Litengeneze, nitarudi kulichukua." Hakurudi. Lilikaa miaka sita kwenye lupango langu, hapa uani, juu ya matofali, kuku wakitagia kiti cha dereva. Unajua mimi sikusomeshwa ufundi na mtu. Nilifika mji huu na suruali moja, nikajifunza kwa kufungua kitu na kukifunga tena mpaka kisibaki na msumari wa ziada. Basi nikalifungua. Injini niliining'iniza kwa mnyororo kwenye mabomba matatu niliyoyafunga vichwa pamoja. Vali zote nane nimezisaga kwa mkono. Sakafu ilikuwa imeliwa na kutu hata unaona nyasi. Nimeiziba kwa bati la pipa.

Lakini rejeta, Yaya! Matundu kumi na moja. Umeme hakuna, kwa hiyo chuma cha kulehemu nilikipasha moto kwenye mbabula, juu ya makaa ya Mama Janine, sufuria ya bukari ikingoja zamu yake. Kila nilipomaliza niliizamisha kwenye karai, nikapuliza kwa pampu ya baiskeli na kutazama mapovu. Mara ya kwanza, mapovu. Mara ya pili, mapovu upande mwingine. Mara ya nne maji yalitulia kama ya kisimani. Na usiniambie nitafute nyingine. Nimezunguka kwa wauza vyuma wote. Walizo nazo, ama midomo yake inatazama upande usiofaa, ama ni za aluminiamu, na ile hailehemiki kwa risasi.

Sasa habari ya kuku. Siku nilipofungua injini, mmoja aliingia akapekua na kuacha nyasi, na kingine nisichokiandika, ndani ya silinda ya tatu. Nikasema basi, kuku wote watoke. Mama Janine akanionya: "Baba Janine, nyumba ya mjomba haikae bila kuku." Nikamjibu kwamba hapa ni gereji. Ndiyo, nilisema hivyo. Sasa ananikumbusha kila asubuhi na chai.

Jumapili Ngosa akaja kutoka Kamatanda, kule anakochunga pampu za kutoa maji kwenye mashimo ya wachimbaji. Tulikula bukari na samaki, akashiba, akanawa. Kisha akasimama na kuanza kuzunguka lupango.

"Mjomba, kuku iko wapi?"

"Hamuna kuku."

"Hata moja?"

"Hata bunyoya."

"Mwipwa akuje kwa mjomba wake, arudie mikono mutupu? Bantu ya Kamatanda batasema nini?"

Desturi hiyo tumenyonya pamoja, sina haja ya kukufundisha. Mtoto wa dada huingia kwa mjomba wake na kunyakua; mjomba hufoka kwa mdomo na kucheka tumboni; kitu kikishavuka mlango hakiulizwi tena. Ndiyo maana mjomba mwenye akili hufuga kuku: mkono wa mwipwa upate pa kutua. Wa Ngosa ulikosa pa kutua. Ukaiona rejeta imeegemea ukuta, rangi yake nyeusi imekauka asubuhi ile ile.

"Basi hii radiatere. Pampu yangu inachemuka kila siku."

Akaiinua begani. Nikaruka. "Ngosa, weka chini! Weka chini, nakuambia!"

"Piga kelele, mjomba, piga! Ndiyo vizuri!"

Hapo ndipo niliponaswa, Yaya. Nilivyozidi kukasirika kweli, ndivyo walivyozidi kuniona najua kucheza. Jirani yangu Papa Ilunga alipiga makofi juu ya ua: "Mjomba wa kweli huyu! Analia sawa vile balimubebea muke wake!" Mama Janine mwenyewe alicheka mpaka akakaa chini. Mke wangu alipoona machozi yangu si ya mchezo, Ngosa alikuwa tayari amepanda nyuma ya pikipiki ya kukodi, rejeta imekumbatiwa kama mtoto mchanga.

Jumatatu nilipotoka kazini nikamfuata. Rejeta niliikuta imefungwa kwa mipira kwenye pampu, inakunywa maji ya shimo, mekundu, mazito kama uji. Matope ndani ya mirija niliyoisafisha kwa waya mmoja mmoja! Ngosa alinipokea kwa furaha, akawaita wenzake: "Muone mjomba wangu, ndiye alinipatia!" Nilipomvuta pembeni akashusha sauti. "Mjomba hadai. Weye ukidai, mumoja wetu ataugua. Mama yangu tu ndiye anaweza kusema irudie."

Kinachoniudhi kuliko yote ni kwamba yuko sawa. Nikarudi na viatu vilivyojaa tope.

Sasa usicheke, Yaya. Tangu mama alipoanguka kutoka juu ya magunia ya samaki, aliapa hapandi lori tena, na wewe ndiye uliyemsihi ukashindwa. Alisema nini? "Nitapanda gari la mume wangu, mbele, dirisha wazi." Waganga wa macho hapa wamekubali kumtoa mtoto wa jicho. Injini inawaka, niliiwasha nikahesabu mpaka mia, nikaizima kwa sababu haina maji. Kutoka hapa hadi huko kwenu Pweto ni zaidi ya kilomita mia nne. Bila rejeta itachemka kabla ya kumi. Piga hesabu mwenyewe ningesimama mara ngapi kuipoza, kwenda na kurudi. Na mito ikijaa, njia itafungwa mpaka kiangazi. Jicho la mama halitangoja kiangazi.

Msalimie baba mdogo, mwalimu wa katekisimu, na shangazi mwenye tanuri la kukaushia samaki. Mwambie binti yako wa mwisho, anayemshika mama mkono, kwamba naiona kazi yake. Mama usimsomee barua hii.

Inaletwa na Baba Musonda, dereva wa lori la samaki. Anaondoka huko Jumanne asubuhi. Ukisema irudi, mpe aniletee leso yako ya maua, ile Ngosa aliyobebwa nayo; mwanao akiiona hatahitaji neno lingine. Asione aibu. Nimenunua jogoo mwekundu, mkubwa, nimemfunga mguu kwenye chasi. Anachafua kila kitu. Mwipwa aje amchukue, nami nitafoka mpaka mtaa wote usikie.

Ukisema isirudi, ingia wewe mwenyewe kwa mama, ukae karibu naye, umweleze kwa nini dirisha halitafunguliwa.

Rejeta ni kuku, au si kuku? Nijibu neno moja, Jumanne, kabla Baba Musonda hajawasha lori.

Mdogo wako,
Kabwe