Mfano Niliowapa Wazee

Nyarugusu, Geita
Alhamisi, 10 Juni 1954

Mpendwa Mjomba Eustace,

Shikamoo. Natumaini kifua kimepona na kazi ya bandari hapo Tanga haikuchoshi sana. Huku tu wazima, ila Mama analalamikia magoti, na kila akilalamika anakutaja wewe uliyemwahidi dawa.

Pamba imekubali mwaka huu. Hata mimi, mvivu uliyekuwa ukinicheka, nimevuna.

Mjomba, nina hofu. Chama chetu cha wakulima kimeletewa mkataba na kampuni ya ng'ambo. Watatupa malori mawili na mbegu. Sisi tutawauzia wao peke yao pamba yote kwa miaka ishirini, wala hatutajenga kinu chetu cha kuichambua. Mimi ndiye katibu, nikaombwa niwafafanulie wazee ile karatasi ya Kiingereza.

Heri ningejikwaa dole, nilijikwaa ulimi. Niliwaona wanasitasita, nikawaambia ni kama kubilisa: unampa jirani ng'ombe akutunzie, siku ukiwataka unakwenda na fimbo yako unawarudisha. Wakafurahi. Mzee Mabula, baba mkwe wangu na mwenyekiti wetu, akasema, "Kama ni kubilisa, basi hakuna neno."

Nyumbani nikaisoma tena polepole. Wao wanaweza kuuvunja mkataba, sisi hatuwezi. Bei wanapanga wao, na ikipanda huko duniani tutaisikia tu. Mwanangu Mageni ana miaka miwili. Atakuwa mtu mzima, na bado atauza kwa bei ya kupangiwa, kwa sababu ya mfano wa baba yake.

Wazee wanatia vidole gumba kwenye mkataba Jumamosi. Naogopa kusimama mbele ya baba mkwe niseme niliwapotosha. Wapo watakaodhani nimehongwa na wanunuzi wengine. Mke wangu Limi amesema neno moja tu: "Ng'ombe huyo harudi."

Nisalimie Mama Scolastika, na Cornel umwambie asiache shule. Mungu akulinde huko, na mimi anipe sauti.

Najua Jumamosi itapita kabla hujaifungua barua hii, kwa hiyo siombi ushauri. Naomba uitunze. Ukisikia nilinyamaza, mpe Mageni aisome akikua.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye hata nikitetemeka,
Stanslaus